Mzigo wa Siku Mbili

Wajukuu zangu hunicheka nikifunga mzigo. Wao wakienda Musoma Jumamosi warudi Jumapili, wanabeba begi ambalo mimi ningehama nalo. Mimi naweka sabuni ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kanga, nafunga fundo, basi. Na kabla sijatoka lazima niache kazi moja katikati. Mboga nusu zimechambuliwa, au ufagio umelala uwanjani na takataka zake.

"Bibi, si umalizie kwanza?"

"Nitamalizia nikirudi," nawaambia. "Mtu anayerudi huacha kazi."

Hawajui kwamba kufunga hivyo nilifundishwa na woga.

Miaka hiyo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande huu wa Serengeti. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kama meno. Ukikohoa kwako, jirani anakupa pole bila kutoka kitandani. Mume wangu, Nikodemo, alikuwa amefariki kwa homa, na matanga yalipoisha wazee walikaa, wakaamua nirithiwe na mdogo wake, Waitara. Jumatatu angechinja mbuzi na kusimika mkuki wake mlangoni kwangu. Baada ya hapo ningekuwa wake, mimi na mtoto wangu Gati, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele.

Waitara alikuwa na mke kabla yangu. Aliitwa Wegesa, mwanamke wa kucheka sana. Wazee waliambiwa aliteleza kwenye mawe ya mto akichota maji. Lakini sisi wanawake ndio tuliomwosha. Mto hauachi alama za vidole shingoni. Tulimwosha, tukamfunika mpaka kidevuni, hakuna aliyesema neno, na tangu siku ile kila nilipomsikia Waitara akikohoa njiani nilimwita Gati ndani.

Kukimbilia kwetu Nkende kusingenisaidia. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuzaa na wajukuu. Baba angenirudisha kabla sijanywa uji. Kilichobaki ni shangazi yangu Agustina, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, karibu na Isebania. Mpaka ulikuwa umefungwa, lakini mashamba ya mahindi ya huku na ya kule yalikuwa hayajaambiwa. Ningeweza kupita. Ila nikikamatwa njiani, mimi ningerudishwa kwa Waitara, na Gati asingetoka tena machoni pake. Mtoto ni wa ukoo wa baba.

Na Waitara huyo huyo ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Bila ruhusa yake huwezi kukosa shamba la kijiji, wala kupanda lori la ushirika.

Nilimfuata Alhamisi asubuhi, akiwa anakwangua udongo kwenye jembe.

"Shemeji, mdogo wangu anapata kipaimara Jumapili, kule Nkende. Naomba ruhusa. Nitaondoka na lori kesho, nirudi nalo Jumatatu."

"Na Gati?"

"Bibi yake wa kule hajamwona tangu msiba."

Aliendelea kukwangua. "Jumatatu."

"Jumatatu, shemeji."

"Mzigo nitaukagua mwenyewe. Siku hizi wanawake mnavusha vitu." Akacheka. Nami nikacheka, maana angeniuliza kwa nini sicheki.

Mchana, wenzangu wakiwa shambani, nilijifungia nikafungasha. Ninyi mnadhani kazi ni kupanga vitu viingie. Kazi ni kujua macho ya watu yatahesabu nini. Mwenda siku mbili habebi blanketi, basi blanketi nikalifanya ndilo kitambaa cha kufungia. Habebi magauni matatu, basi nikaamua mawili nitayavaa, moja juu ya jingine, na kanga juu. Chumvi nikaificha ndani ya sabuni niliyoitoboa kwa kijiti. Nguo za Gati nikazikunja kama chapati, nikazishindilia ndani ya sufuria ndogo mpaka isipige kelele.

Halafu nikapanga vya kubaki. Chungu kikubwa juu ya mafiga. Jembe langu mlangoni. Kanga yangu nzuri, ile ya harusi, nikaianika kwenye kamba ionekane kutoka barabarani. Iliniuma kuliko yote. Juu ya jiwe la kusagia nikaacha unga nusu, na nafaka nusu haijasagwa, na jiwe dogo juu yake, kama mtu aliyeitwa mara moja.

Nikasimama, nikatazama. Mzigo mdogo, nyumba hai. Nikajisifu.

Lakini nilikuwa nimeweka kitu kimoja ambacho sikuweza kukiacha. Kibuyu cha mbegu ya ulezi.

Mbegu ile alinipa mama siku niliyoolewa, naye alipewa na mama yake. Kwetu mbegu ya ulezi haitembei ovyo. Mwanamke hutoka nayo kwao siku ya kuolewa, anaitundika ukutani karibu na moto, na kila mwaka anapanda, anavuna, anarudisha ileile kibuyuni. Hapo ilipotundikwa ndipo kwake. Sikuwaza zaidi ya kwamba mwanamke asiye na mbegu ni ombaomba popote atakapofika. Nikakisukuma kibuyu katikati ya nguo, nikakaza fundo.

Ijumaa asubuhi akaja mama mkwe wangu, Mogesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Gati. Umelala?"

"Nimelala."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ya vitendawili. Jioni za mavuno watoto wa mstari mzima walikuwa wanakuja kwake. Alikaa kwenye kigoda, akatazama mafiga, akatazama jiwe la kusagia, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akatazama ukutani. Nikafuata macho yake.

Ukuta wote ulikuwa mweusi kwa masizi ya miaka, isipokuwa duara moja, safi, jeupe, pale kibuyu kilipokuwa.

"Kitendawili," akasema Mogesi.

"Tega," nikasema.

"Shamba langu lote, mtoto analifumbata kiganjani."

Nilijua jibu. Mtoto wa kijiji chetu angelijua. Lakini kulitaja mbele yake ilikuwa kama kufungua mzigo.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Nakupa Tarime."

"Tarime sitaki. Tarime ni hapo tu."

"Nakupa Musoma."

"Sitaki. Musoma Waitara ana marafiki." Akainama, akashusha sauti. "Nipe mji ambao mwanangu hana mtu wa kumtuma."

Nilisikia kuku wakiparua nje. Nikafikiri, huyu ndiye aliyemzaa. Akitoka nje na kuita jina moja tu, nimekwisha.

"Unao?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi usiutaje. Usinitajie hata mimi." Akanyoosha mkono. "Lete mbegu. Unakimbia na kibuyu, wewe? Hata ng'ombe angejua unahama."

Nikafungua fundo. Akakipokea kibuyu, na nilidhani anakichukua moja kwa moja, kwamba hiyo ndiyo bei ya kunyamaza kwake. Badala yake akamwita Gati.

Gati alikuwa na mtoto wake wa gunzi, amemviringisha kitambaa cha gauni langu la zamani. Alikuwa halali bila yeye.

"Mlete mjukuu wangu," Mogesi akamwambia.

"Bibi, unamfanya nini?"

"Namlisha. Safari ni ndefu, ataona njaa."

Akamvua gunzi kitambaa chake, akatandaza, akamwaga mbegu yote, akaiviringisha kumzunguka gunzi na kumfunga kwa kamba ya katani, juu, katikati, chini. Yule mtoto akanenepa. Kisha akasimama, akakitundika kibuyu kitupu mahali pake. Duara likafunikwa.

"Wegesa na yeye aliniomba nimsaidie," akasema, amenipa mgongo. "Nikamwambia avumilie."

Hatua za Waitara zilikuwa tayari uwanjani.

Aliingia bila kubisha. Nyuma yake walikuja majirani wawili watatu waliotaka kunituma salamu Nkende, wakabaki mlangoni.

"Haya, shemeji. Tuone."

Nikafungua. Akatoa sufuria, akatoa nguo za mtoto moja moja, akakunjua, akakung'uta. Akashika sabuni, akainusa, na mimi nikaona tundu nililoliziba. Akairudisha.

"Mbona umenenepa leo?" akasema, ananitazama tumbo.

"Gauni la kanisani, shemeji. Sitaki kuwaaibisha wenye sherehe yao."

Akagusa jiwe la kusagia kwa kidole cha mguu. Akatazama mafiga. Kisha, kama nilivyokuwa nimeogopa, akainua macho ukutani. Naye alikulia mila hizi hizi. Alijua mwanamke anayekimbia hukimbia na nini. Kibuyu kilikuwa pale, kimetulia, cheusi kwa masizi. Akakisogelea.

"Baba mdogo," akasema Gati, "mtoto wangu na yeye anapanda lori."

Waitara akageuka. Akamchukua yule gunzi mkononi mwa mtoto. Akampima mkono mmoja, akampima mkono wa pili.

"Mzito huyu. Amekula nini?"

"Bibi amemlisha."

Waitara akamtazama mama yake. "Amemlisha nini?"

Gati akafikiri, ulimi kwenye pengo la meno. "Chakula cha safari."

"Wewe Waitara!" Mogesi akapaza sauti, mpaka mlangoni wakageuka. "Mwanamume mzima unapakata gunzi! Hebu mrudishie mwenzio mtoto wake, kabla hujaanza kumnyonyesha."

Majirani wakapasuka. Mmoja akasema, "Balozi, lete na nepi tumfulie!" Shingo ya Waitara ikavimba. Hakuna alichochukia kama kuchekwa. Akamrusha gunzi, Gati akamdaka kifuani, na hapo hapo kamba ya chini ikalegea, punje chache zikamwagika kizingitini. Kidogo tu, kama chumvi ya yai. Nyekundu, wazi, juani.

Mogesi akapiga hatua moja na kusimama juu ya zile punje.

"Lori halisubiri," akasema. "Nendeni."

Nilikusanya vitu nikavifunga vibaya, mafundo yamekwenda upande, wala sikujali tena. Gati nikamkazia kamba ya gunzi huku natembea. Waitara alitembea pembeni yetu mpaka barabarani, na nilihesabu kwamba kila pumzi yake ingekuwa ya kuniita nirudi. Dereva akapiga honi. Nikapandisha mtoto, nikapanda. Waitara akashika ubao wa nyuma wa lori.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu, shemeji. Nimeacha na unga jiweni."

Akauachia ubao.

Lori lilipoanza kwenda nikatazama nyumbani. Kanga yangu ilikuwa inapepea kwenye kamba. Mogesi alikuwa bado amesimama kizingitini, mguu pale pale. Hakunipungia. Gati alimpungia yeye, kwa mkono wa gunzi, mpaka kona ikamficha.

Lori lililala njiani likipakia mazao. Jumamosi, jua likiwa bado halijakaa sawa, tuliteremka Tarime, tukapita Nkende bila kusimama kwetu. Nilisikia kengele ya kanisa, nikajifunika kanga usoni kama mgeni. Kabla ya Sirari, pale mpakani, tukaacha barabara, tukaingia kwenye mahindi. Kila jani lililogusa bega langu lilikuwa mkono wa Waitara. Gati alichoka, nikambeba mgongoni, gunzi amebanwa kati yetu, na nilisikia mbegu zikisuguana kila hatua. Sikupumzika mpaka niliposikia sauti ya shangazi Agustina akimgombeza mbuzi.

Ulezi ule niliupanda ng'ambo. Mpaka ulipofunguliwa na mimi nikarudi kuishi Sirari, niliupanda Sirari, na ndio huu mnaounywa uji. Gati anao wake Matongo, kwake, kibuyu cheusi ukutani.

Lakini Mogesi sikumwona tena. Alisema nisimtajie mji, basi hata salamu sikumtumia, maana salamu zina miguu, na anayezibeba anaweza kufuatwa mpaka zilikotoka. Niliposikia habari, ilikuwa ya kwamba amezikwa, zamani, na aliyeniambia alikuwa mpita njia, hakujua zaidi.

Kwa hiyo kuna jambo moja silijui, wajukuu zangu, na usiku wa kuamkia safari, hata hii ya siku mbili tu, ndilo linaloninyima usingizi. Jumatatu lori lilirudi bila mimi. Waitara aliingia kwenye nyumba ile. Unga ulikuwa jiweni, jembe mlangoni, kibuyu ukutani. Mapema au baadaye alinyoosha mkono, akakitikisa, akasikia kimya.

Na mama yake alikuwa amesimama wapi?