Ndoo ya Maji ya Vuguvugu

Juu ya mlango wa maabara Euphrasie alikuwa ameandika kwa mkono wake: Moto ukiwaka, mtu haondoki. Alimaanisha tanuru dogo kama punje ya mchele, lililofungwa kwenye ncha ya fimbo iliyoingia ndani ya mikroskopu ya elektroni. Ndani yake alipasha chembe za mawe ya Mwenga hadi digrii mia nane, akitazama zinavyogeuka. Wakati wote huo maji baridi yalipaswa kuizunguka fimbo. Bomba la mtaa wa Muhumba halikuaminika, kwa hiyo pampu ilivuta maji kwenye pipa nyuma ya jengo na kuyarudisha humo.

Mzungu aliyeifunga mashine alikwisha kurudi kwao. Ikifa, maabara inafungwa, naye Euphrasie anarudi Nyantende kulima mihogo.

Jumamosi ile filimbi ya salongo, kazi ya lazima ya chama, ililia mapema.

“Bote inje!” Gaston, mkubwa wa chama, alifoka mlangoni. “Gouverneur anapita kesho, na mawe ya barabara iko nyeusi kama mapafu ya muvuta tumbaku!”

“Papa Gaston, dakika kumi tu. Moto iko ndani, inashushwa polepole.”

“Unapika nini, citoyenne? Majani ya sombe?”

Watu wakacheka. Mkurugenzi, Papa Léopold, hakucheka. Alimshika Euphrasie mkono.

“Maman, toka. Camille wa hapa kazini walimufunga juu ya kukosa salongo. Maji si inazunguka?”

Maji yalikuwa yanazunguka. Akatoka.

Walimpanga kwenye mstari wa kupitisha ndoo za maji ya kukorogea chokaa ya kupaka mawe. Alipitisha bila kuangalia, akihesabu dakika. Kisha ndoo moja ikamwagikia miguu yake. Maji yalikuwa vuguvugu.

Saa moja asubuhi, Bukavu, maji hayana sababu ya kuwa vuguvugu.

“Tonton Stanislas,” alimwuliza mzee aliyempa ndoo, “maji munatoa wapi?”

“Kwa pipa yako, mutoto wangu. Robinet ya bomba imekauka. Tumeshafika chini.”

Alikimbia. Harufu ya mpira ulioungua ilimpokea mlangoni. Mpira ulioziba fimbo ulikuwa umeyeyuka, hewa imeingia ndani ya mikroskopu, na kioo chake cha kijani kimekuwa cheusi. Pampu ilizunguka tupu, ikilia. Alizima swichi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu aliofundishwa, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

“Sombe imeiva?” Gaston aliuliza dirishani.

Euphrasie alifungua daftari la mashine. Palikuwa na mstari wa jina la aliyekuwa karibu na moto. Aliandika: Hakuna mtu.