Lango Lililooza

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, soko likifunguliwa, lango lilimwangukia mke wangu na kapu lake la nyanya. Hadi jioni alikuwa ameshafariki, na polisi wameshamkamata mlinzi wa lango, mzee mwenzangu asiye na hata viatu vya maana. Meneja wa soko yeye alileta shada la maua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, na haki wakaila.

Nikaenda ofisi ya waendesha mashtaka, juu ya posta. Benchi moja, feni inayolia kama mbuzi, majalada yameziba dirisha. Mwendesha mashtaka mwenyewe binti, sawa na kitinda mimba wangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ndiye wakili wangu, nisikilize."

"Shikamoo, baba. Karibu ukae. Ila mimi si wakili wako."

"Basi ni wa meneja. Nilijua tu."

"Wala si wake. Nasimama kwa niaba ya umma. Polisi wanapeleleza, wananiletea jalada, mimi naamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani. Ushahidi ukipwaya, nawarudishia. Na huyo mlinzi nikiona hana kosa, kumwachia ni kazi yangu vilevile."

"Hana kosa! Mke wangu alimwambia meneja kwamba bawaba za lango zimeoza."

"Ulikuwepo akimwambia?"

"Alinisimulia tukila."

"Hapo umesimuliwa tu, baba. Hakimu atataka sikio lililokuwepo. Nitafutie."

Nikatoka nimefura. Wakubwa siku zote wana mlango wa nyuma. Sisi tunaangukiwa na wa mbele.

Sokoni, kila niliyemuuliza aliinamia bidhaa zake. Meza anagawa meneja. Ukisema leo, kesho unauzia chini juani. Akabaki mmoja: Redio, muuza vitunguu, jirani wa meza ya mke wangu. Walinuniana miaka na miaka, kisa mwamvuli.

"Shemeji," akaniita kwa kejeli, "leo umepotea njia?"

"Nasikia hakuna neno linalopita soko hili usilidake."

"Unanisifu au unanitukana?"

"Vyote viwili. Mke wangu alipomwambia meneja habari za lango, ulikuwepo?"

Akaweka kisu chini. "Nilikuwa nyuma ya gunia. Nilidhani ananisengenya, nikatega sikio. Kumbe anasema lango, lango, lango! Nikaudhika, magoti yameniuma bure."

"Utayasema hayo kwa hakimu?"

"Sikumpenda mkeo, na leo sitajifanya nilimpenda. Lakini alisema. Wakininyang'anya meza, mdomo watauacha."

Polisi wakaandika maelezo yake. Binti alipomaliza kumhoji aliniambia, "Huyu ndiye. Nani atadai kwamba amefundishwa na familia ya marehemu?" Mlinzi akafutiwa mashtaka, akageuka shahidi. Meneja akapanda kizimbani.

Mahakamani, wakili wa meneja alimvamia Redio kama kuku aliyeona panzi. "Wewe na marehemu mlikuwa maadui, sivyo?"

"Sana," akajibu Redio. "Ndiyo maana nilisikiliza vizuri."

Hata hakimu alishika mdomo asicheke. Mimi nilikaa kifua mbele. Mke wangu angesikia hivyo, angemsamehe habari za mwamvuli. Labda.

Zamu ya meneja kujitetea ilipofika, alisema ana kazi nyingi, mambo ya lango yana wakubwa wake, hao ndio waulizwe. Wakubwa wana wakubwa, ngazi isiyo na mwisho. Na chini ya ngazi ndipo alipokuwa mke wangu na kapu lake.

Binti akasimama, hakupaza sauti. Akauliza swali moja. Meneja akaomba maji. Akanywa glasi nzima, akaomba nyingine. Redio akatega sikio, kama siku ile nyuma ya gunia. Binti akarudia, polepole, kama anayemfunza mtoto kuhesabu:

"Yule mama alipokwambia lango limeoza, wewe ulimwambia nani?"