Kovu la Adhiambo

Kila asubuhi Phelesia alifungua madirisha ya ofisi, kisha akafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Hakupenda vumbi, hakupenda uzembe, na hakupenda mtu wa kumzungusha kwa maneno. Alikuwa katibu wa ushirika wa wavuvi mjini Homa Bay, mwenye diploma ya uhazili, na watu walimjua: ukitaka jambo liishe, mpelekee Phelesia.

Binti yake wa pekee, Adhiambo, alikuwa amekufa kwa malaria masika yalipoanza. Walimzika Kosele, nyumbani kwao baba yake, naye Phelesia akarudi kazini upesi kuliko watu walivyotarajia.

Picha ya kueleweka ilikuwa moja tu. Nyingine zote zilikuwa za uchanga, mtoto amefungwa shali hata meno hajaota. Hii moja ilipigwa Migori, katika studio ya mtu aliyeitwa Momanyi, siku walipokwenda kumwona Walter, mume wa Phelesia, aliyefanya kazi huko. Adhiambo alikuwa amevaa sare ya shule, kidevu juu, na juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu jembamba alilopata alipoangukia ukingo wa sufuria. Phelesia mwenyewe ndiye aliyelifunga jeraha lile.

Mama mkwe wake, Milka, alitaka picha hiyo iwekwe msalabani, chini ya kioo, ili anayepita ajue ni nani amelala pale. Phelesia hakubisha. Ila kwanza alimpa Levis, fundi wa kompyuta za ushirika, aipeleke Kisumu kwenye mashine ya kunakili picha. Levis akarudi na karatasi ileile pamoja na disketi.

"Sasa mtoto yuko humu ndani," akasema. "Mvua haimpati tena."

Basi karatasi ikaenda Kosele, ikafungiwa msalabani, na Phelesia hakuwa na wasiwasi. Nakala alikuwa nayo.

Siku iliyofuata alimwita Levis amwekee picha ile kwenye kioo cha kompyuta, pale inapokaa nyuma ya kazi zote.

"Madam, iko ndogo kama stempu. Itakaa katikati, pembeni kote rangi tupu."

"Ijaze kioo kizima. Nataka nikiinua macho nimwone."

"Nikiivuta hivyo itaharibika."

"Levis, hiyo ni picha, si chapati. Vuta."

Levis akacheka, akavuta. Alipotaka kuihifadhi, mashine ikaleta swali, kisha jingine. Akasogeza uso karibu asome.

"Inataka nini tena?"

"Inasema rangi zingine zitapotea. Halafu kuna picha nyingine ya jina hilihili, tuifute tuweke hii? Ngoja, Madam, nisome viz…"

"Mashine inauliza maswali kama karani wa korti! Bonyeza ndiyo. Wavuvi wa Mbita wananisubiri hapo nje."

Levis akabonyeza.

Uso wa Adhiambo ukajaa kioo chote, lakini haukuwa uso. Shavu lilikuwa viraka vya kahawia na kijivu. Kidevu kilikuwa na ngazi. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na miraba mitupu.

"Rudisha ile ya kwanza," Phelesia akasema.

Levis akatafuta, akatafuta tena. "Madam, hii tumeiweka juu ya ile. Nilikuwa nafanyia humuhumu kwenye disketi."

"Basi nitaitoa ile ya msalabani, uirudishe Kisumu."

Jumamosi akaenda Kosele na kisu cha jikoni. Mvua ilikuwa imepenya chini ya kioo, karatasi imenata. Alipoibandua polepole, uso ulibaki kwenye kioo, ukateleza na ute wa kijani. Mkononi mwake ikabaki kola ya sare.

Akaenda Migori kutafuta filamu ya picha ile. Momanyi alikuwa amefunga studio na kurudi kwao Kisii, na mwenye nyumba alikuwa ameshachoma maboksi yake yote nyuma ya choo. Walter, aliyekuwa akimngoja stendi, aliiona mikono yake mitupu, akamkatia tiketi ya kurudi.

Jumatatu Levis akaja mbele ya meza yake. "Niitoe, Madam? Kosa ni langu."

"Kosa lako liko wapi? Wewe ulitaka kusoma." Akafungua barua mpya kwenye kompyuta. "Iache hapo."

Mchana kutwa alikuwa akiifunika picha kwa barua za samaki na nyavu alizochapa. Jioni alizifunga moja moja, na uso ule ukatokea tena, kama mtoto wa jirani anayefanana na wako.

Kisha Milka akaja mjini kuonyesha macho hospitali. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Akapitia ofisini kupumzika, mkononi ana andazi la kununua njiani. Phelesia alikuwa amefunga barua ya mwisho.

"Ee, Adhiambo," mama mkwe akasema, akitabasamu. "Nyathina. Mtoto wangu."

Phelesia akageuka. "Mama, unamwona?"

"Kwani wewe humwoni, nyar Asumbi?"

Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Asumbi, kwa jina la kwao alikozaliwa.

"Na kovu?"

"Si hili hapa!" Milka akainuka, akaweka kidole chake juu ya kioo. Hakupapasa.

Mama mkwe alipoondoka, Phelesia alisogeza macho hadi pumzi yake ikakipiga kioo. Aliona miraba. Juu ya nyusi ya kushoto palibaki alama ndogo ya mafuta ya andazi.

Asubuhi alifungua madirisha, akachukua kitambaa. Alifuta juu, akafuta pembeni, akafuta chini. Alipofika kwenye nyusi, aliuzungusha mkono kando ya ile alama, asiiguse.