Matofali Ndani ya Pipa

Mume wangu Idrisa alikuwa akikausha samaki kwa moshi ndani ya pipa, uani kwetu, mtaani Biryogo. Chini alipanga matofali. Kila siku nilimgombeza: "Yanakula makaa yangu bure!"

Alicheka tu. "Leila, moto ukizimika, matofali yataendelea na kazi."

Aprili ya tisini na nne, mauaji yalipoanza, wenye mapanga walimchukua mchana, samaki wakiwa bado wabichi. Nilijifungia ndani na moto ukazimika, hakuna wa kuuchochea.

Asubuhi jirani aliniletea kofia ya Idrisa, yenye damu, akaondoka. Nilifunua pipa. Samaki walikuwa wameiva. Niliweka viganja juu ya matofali, na bado yalikuwa na joto.

"Haya, Idrisa," nikasema. "Umeshinda."