Vishikizo vya Dirisha la Marigold

Hebu nikutegee wewe uliyekaa hapo. Nina kitu nyumbani kwangu: nikikifunga kinalia, nikikifungua kinanyamaza. Si mtoto, si paka. Ni nini?

Usijikune kichwa, nitakutajia. Ni dirisha la mashua ya chuma. Lifunge usiku mmoja tu wa mwezi wa kumi, pumzi za watu wawili na mvuke wa birika vikose pa kutokea, na asubuhi utakuta ukuta unatiririka machozi mpaka kwenye mto wa kulalia.

Mimi na mume wangu Enoch tunaishi kwenye mashua. Nilizaliwa humuhumu mferejini, njia ya maji iliyochimbwa kupitisha mashua, baba na mama wakibeba makaa ya mawe, na shule niliisoma vipandevipande, kila mji darasa lake. Mashua yetu inaitwa Marigold. Ina urefu wa futi hamsini na saba, na upana ni ule wa kunyoosha mikono ukagusa ukuta huku na huku. Dirisha lililotusumbua ni la juu ya kitanda, upande anaolala Enoch. Kioo chake cha juu hulala ndani kidogo kupitisha hewa, nacho kilikuwa kimeshikwa na vishikizo viwili vya chuma cheupe, kila kimoja kama kidole gumba. Mwezi wa nane kimoja kilikatika. Cha pili kikamfuata mwenzake wiki ileile, kama mjane. Enoch akalibana dirisha kwa utepe wa gundi, na tangu hapo ukuta ukaanza kulia na yeye akaanza kukohoa.

Binti yetu Glenys ana nyumba Banbury, ukingoni mwa mfereji, na ndani yake kuna chumba cha wageni chenye zulia. Tulipofunga kamba pale mjini alikuja akapapasa ukuta, akapapasa shuka, akatega sikio kwenye kifua cha baba yake.

"Mama, hapa mtaota uyoga."

"Tunatafuta vishikizo, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu vikatike."

"Basi nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Nikikuta ukuta bado unalia, Baba anakuja kulala kwangu na hii mashua inauzwa. Mimi sitaki kumzika mtu kwa sababu ya dirisha."

Alishuka ukingoni, halafu akageuka. "Na niambieni ukweli. Mnatafuta vishikizo, au mnanikimbia mimi?"

Nikamtazama Enoch. Enoch akawasha injini.

Tukaondoka kuelekea kaskazini. Karakana iliyotengeneza madirisha yetu ilishafungwa siku nyingi, kwa hiyo tukawa watu wa kuulizauliza. Tukauliza Cropredy, tukauliza kwenye malango ya maji ya Claydon, tukauliza Fenny Compton kwa mzee mwenye banda la vyuma chakavu. Tunalala mahali usiku mmoja, alfajiri kamba zimeshafunguliwa. Chai naipika mashua ikiwa inakwenda, viazi navimenya ikiwa inakwenda, na hata nikilala miguu yangu inahisi injini. Kila tulipofika Enoch alipewa vishikizo kiganjani, akavigeuza, akavirudisha.

"Kikubwa."

"Kifupi hiki."

"Kinacheza."

Cha Fenny Compton nilikiona kwa macho yangu kikikaa. Kilikuwa kigumu kidogo kugeuka, basi. "Kinacheza," akasema, akatoka nje kukohoa. Nililiweka jambo hilo moyoni.

Sasa, mfereji pale Wormleighton una kichaa chake. Waliouchimba hawakutaka kupanda kilima, wakakizunguka. Unakwenda na mashua nusu saa na zaidi, unaona nyumba moja ya mkulima mbele, kisha ubavuni, kisha inakuchungulia mgongoni, na ukimaliza umefika upande wa pili wa kilima kilekile. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza mzunguko huo, Enoch kashika usukani na mimi nimesimama pembeni yake na kikombe, ndipo ikaja mashua ya kijani kutoka mbele. Imeandikwa Bittern. Nikayatazama madirisha yake. Yalikuwa ndugu wa yetu, tumbo moja! Na yote sita yalikuwa wazi.

Mashua mbili zikipishana mna dakika moja tu ya kuzungumza.

"Bwana! Hayo madirisha vishikizo vyake ulipata wapi?" nikapaza sauti.

Yule bwana, mnene, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, alitega sikio. "Nini?"

"Vishikizo! Vya dirisha!"

Akafungua mdomo, akajibu, injini mbili zikalimeza jibu lake lote. Nikamwona anapunga mkono, anakwenda zake.

"Geuza, Enoch!"

"Nigeuze wapi? Mashua ndefu kuliko mfereji ulivyo mpana. Pa kugeuzia ni saa nzima mbele."

"Basi nisogezee ukingoni."

"Hester, una miaka sabini na moja."

"Na wewe una kikohozi. Sogeza!"

Nikaruka. Yule bwana alikuwa na kilima kizima cha kuzunguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mimi nilikuwa na miguu na malisho ya kondoo ya kukatiza. Nikafungua lango la uzio, nikapanda, kondoo wananitazama kama wanaomwona mwizi. Magoti yalilia, nikayaambia yalie yakitembea. Dakika kumi na tano nilikuwa nimekaa juu ya daraja upande wa pili, nimefunga kitambaa changu vizuri, nasubiri kama mke wa mchungaji wa kanisa. Nikasubiri sana. Ndipo Bittern ikachomoza kwenye kona.

Yule bwana aliponiona alivua kofia. "Bibi! Si nimekuacha nyuma?"

"Jibu lako sikulisikia, nikaona nilifuate."

Alicheka mpaka akaigonga mashua ukingoni. Jina lake Clifford Mabbott. Akanikaribisha ndani, akanimiminia chai nyeusi tii, na mimi sikuigusa kwanza, nilikwenda moja kwa moja dirishani. Hapakuwa na chuma cheupe. Kila kioo kilishikwa na vipande viwili vya mti, vimechongwa mviringo, kila kimoja kimezungushwa kwenye skrubu yake.

"Hii ni nini?"

"Mguu wa kiti, bibi. Mwaloni. Nilitafuta vile vya chuma miaka mitatu, nikazunguka nchi hii mpaka mbwa wangu akazeeka njiani. Havipo. Jioni moja nikavunja kiti." Akanishikia kimoja mbele ya pua, amekitoa kwenye kopo. "Chukua hiki kiwe mfano. Mumeo hajui kushika msumeno?"

Makabati yote ya Marigold alitengeneza Enoch, na droo zake huingia bila kelele. Nilirudi kilimani na kile kipande kwenye mfuko wa aproni, na safari hii kondoo walinipisha.

Enoch alikuwa amefunga kamba, ananingoja. Nikamwekea kishikizo kiganjani.

"Mikono yako imekatika? Msumeno umeibiwa?"

Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Na kile cha Fenny Compton kilikaa. Nilikiona."

"Kilikaa," akasema.

"Sasa?"

Akakohoa kwanza. Halafu akasema taratibu, macho kwenye maji: "Dirisha likipona na kifua kisipone, nitamsingizia nani?"

Niliingia ndani nikamletea ubao wangu wa kukatia mkate, wa mti mgumu, wa tangu harusi yetu. "Kata pembeni," nikamwambia, "uniachie pa kuweka mkate." Mchana haujafika vishikizo viwili vilikuwa mahali pake, utepe wa gundi uko jikoni kwenye moto, na hewa baridi inaingia ikinukia majani yaliyoloa.

Asubuhi ya kwanza ukuta ulikuwa na unyevu. Ya pili, kidogo. Ya tatu niliupapasa kwa kiganja chote, mkavu kama kitabu. Kikohozi kilipungua, lakini hakikwenda. Tulikisikia wote wawili, tukitazamana.

Siku ile Enoch aliwasha injini bila kunieleza. Tukaenda ile saa nzima mpaka pa kugeuzia, akaigeuza Marigold polepole, matope yakapanda juu, tukarudi tulikotoka. Mimi nilimenya viazi.

Glenys alitukuta Fenny Compton siku ya mwisho wa mwezi, kaja na gari na masanduku mawili matupu. Alipita moja kwa moja chumbani. Akapapasa ukuta. Akapapasa shuka. Akavizungusha vile vishikizo, akanusa.

"Hivi si ubao wako wa mkate, Mama?"

"Ndiyo huo," nikasema. "Siku hizi tunanunua mkate mdogo."

Alitaka kucheka, lakini baba yake akakohoa nje, na kicheko kikamkauka. Akatoka akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kama alivyosimama siku ile Banbury.

"Baba, wewe hukunijibu. Mlikuwa mnatafuta vishikizo, au mlikuwa mnanikimbia?"

Enoch aliachia usukani, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nilikuwa nakukimbia, mwanangu," akasema. "Sasa tazama pua ya mashua imeelekea wapi. Tutafunga kamba nyuma ya nyumba yako mpaka baridi iishe, tulale humu humu, na Jumatatu unipeleke kwa daktari."