Tohara ya Tatu

Mwaka tulipooana, Lukmani aling'oa viti vyote vya nyuma vya Haisi yake, akaweka chaga ya mbao na godoro, akatundika khanga iwe pazia kati ya dereva na kitanda. Tulizunguka nalo gari hilo kwenye magulio tukiuza vitenge na nguo za watoto, na usiku tukalala humo humo. Nililipenda kuliko nyumba. Baadaye tukapata duka Kasulu mjini, gari likabaki la kubebea mizigo, na godoro likaliwa na panya upande mmoja.

Mwezi wa kumi mwaka 2014, siku tatu kabla ya Idi ya Kuchinja, aliliosha gari, akanunua godoro jipya, akaniambia, "Shadia, tukale Idi kwenu Kibondo. Tusiende mbio. Tutalala njiani kama zamani. Miti imegeuka rangi porini kote, utaona."

Nikasema haya. Angeniambia tubaki, pia ningesema haya.

Niseme wazi tulivyokuwa. Lukmani alikuwa ameniacha. Mkesha wa Idi ya Ramadhani nilikwenda Buhigwe kumwona mama mdogo aliyekuwa mgonjwa, funguo za duka zikabaki kwenye mkoba wangu. Niliporudi alasiri, swaumu imenikausha koo, nilikuta wateja wamejaa barazani na yeye amesimama katikati yao. Nilimpa funguo. Alizipokea, akasema mbele ya watu wote, "Nimekuacha, talaka moja." Kisha akafungua duka. Mama mmoja aliyeshika gauni la mwanawe aliniangalia, akaniangalia tena, halafu akamuuliza Lukmani bei.

Talaka moja si mwisho wa ndoa. Mke anakaa eda kwenye nyumba ya mumewe, na kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea kwa neno tu. Anasema nimekurejea, imetosha. Mke haulizwi. Eda ikiisha kabla hajasema, anakuwa mtu baki kama wanaume wengine wote. Akimtaka itabidi apose upya, kwa mahari na mashahidi. Nilikaa eda yangu kwenye chumba tulichokitenga kwa watoto ambao hawakuja. Nilipika, nilifagia, nilijibu nilipoitwa. Majirani walisubiri nilie, wakachoka kusubiri. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaubonyeza na hausikii kitu.

Lukmani alijuta wiki ile ile, hilo sikatai. Nilimsikia nyuma ya ukuta akimwambia Khatibu, mwenzake wa duka la jirani, "Nilimwacha hadharani, nitamrejea hadharani. Siku ya Idi, mbele ya baba yake." Aliona muda upo. Kwenye kalenda ya dukani alikuwa ameizungushia duara tarehe ishirini na saba Oktoba, miezi mitatu kamili tangu siku ya funguo. Nililiona lile duara kila nilipofuta vumbi. Sikuulizwa, sikusema.

Basi tukaondoka. Mvua ilikuwa bado, barabara vumbi tupu, lakini miombo ilikuwa imeshaanza kuchipua kabla ya mvua kama desturi yake, na majani yake machanga hayaanzi kijani. Yalikuwa mekundu, mengine ya shaba, mengine rangi ya embe lililoiva, vilima vizima, mpaka macho yalipokoma. Lukmani alisimamisha gari juu ya mteremko akazima injini.

"Ona," akasema.

Niliona. Niliona kama ninavyoona jora la kitenge lililokaa rafuni mwaka mzima: rangi nzuri, haya, endelea. Alishuka, akakata tawi lenye majani mekundu, akalichomeka juu ya dashibodi mbele yangu. Miaka ya magulio alikuwa akifanya vile vile, nami nilikuwa nikilichukua na kulipachika kwenye mtandio. Safari hii mikono yangu ilibaki mapajani.

"Nina neno," akasema.

"Sema."

Alishika usukani, akauachia. "Nitalisema kwa baba. Ndiyo heshima."

Nikasema haya.

Tulilala Nyakitonto, kwenye uwanja wa Tharsisi na mkewe Kezia, wakulima wa maharage tuliowazoea tangu enzi za magulio. Wazazi wao walitoka Burundi. Wenyewe wamezaliwa huku na uraia wanao. Kezia alitupa ugali na isombe, kisamvu chao cha kutwanga, akacheka kuliona lile gari. "Bado mnalala humu kama maharusi?" akauliza. Lukmani akacheka naye. Tulipokwenda kulala, alijikunja kiti cha mbele, mimi nikalala nyuma ya pazia. Nilimsikia akijigeuza huku na huku. Angeweza kusema neno lile wakati wowote, kupitia ile khanga, na kabla sijajibu ningekuwa mkewe.

Asubuhi nilikwenda bafuni kwa Kezia, kibanda cha majani ya migomba nyuma ya jiko, nikakuta nimeingia mwezini.

Nilisimama pale na kopo la maji mkononi. Hapa ndipo Lukmani alipokosea, na kosa lenyewe si la mpumbavu. Alipokuwa mdogo shangazi yake aliachwa, na eda yake ilihesabiwa kwa kalenda, miezi mitatu. Lakini shangazi alikuwa mtu mzima, damu ilishakoma. Sisi wengine tunahesabu tohara, siku za usafi kati ya damu na damu. Aliponiacha nilikuwa nimefunga, kwa hiyo nilikuwa tohara, hiyo moja. Baada ya damu ya Agosti, ya pili. Baada ya damu ya Septemba, ya tatu. Damu ya tatu ikiingia, eda imekwisha, na ilikuwa imeingia kwenye kibanda cha Kezia kuku wakiparura nje. Mambo haya tulifundishwa wanawake peke yetu, uani, kwenye chuo cha Kurani kwa mwalimu wetu. Lukmani hakuwahi kuuliza. Mwanamume wa kwetu anaona haya kuuliza.

Kezia aliniona ninavyokawia, akanijulia hali kwa Kirundi. "Mwakeye, mama. Ni amahoro?"

"Ni salama, dada. Niazime kitambaa safi."

Alinipa, hakuuliza zaidi. Nilioga, nikajitanda khanga vizuri mpaka kwenye paji la uso, maana niliyekuwa naondoka naye hakuwa mume wangu tena. Nilingoja nisikie furaha, au hofu. Nilisikia baridi ya maji tu.

"Panda, twende," Lukmani akasema. Alikuwa ameshafungua mlango wa mbele.

"Nitakaa nyuma."

Alidhani naumwa kichwa. Aliendesha saa nzima akiimba kidogo kidogo, na mimi kwenye godoro nyuma ya pazia nilipiga hesabu. Hakuna aliyejua. Nikinyamaza, kesho kutwa atasema neno lake mbele ya baba, watu watashangilia, na nitarudi Kasulu na mtu asiye mume wangu, nikimpikia na kulala naye haramu mpaka nife. Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea. Kulikuwa kama kuendelea kulala.

Porini, kabla hatujafika Murungu, akasimamisha gari tena. Huko miti ilikuwa myekundu kushinda ya jana. Aliivuta ile khanga pembeni, akageuka kitini, uso umemchangamka kama wa kijana.

"Siwezi kungoja Idi," akasema. "Kwa baba nitarudia. Shadia, nimekurejea."

"Umechelewa."

Alicheka. "Bado wiki tatu."

"Eda imekatika leo asubuhi kwa Kezia. Haihesabiwi kwa kalenda, Lukmani. Inahesabiwa kwa mwili wangu."

Nilimwona anahesabu kwa vidole, anaanza upya, anafika Septemba na kukwama. Magari mawili yalipita, vumbi likaingia, hakuna aliyefunga dirisha.

"Jana je?" akauliza.

"Jana ningekuwa mkeo."

Akalaza paji la uso kwenye usukani. Alipoinuka, sauti ilikuwa ya chini. "Anayejua ni mimi na wewe. Hesabu yangu ni ya tarehe ishirini na saba. Tunyamaze tu, mke wangu."

"Nilinyamaza miezi miwili," nikasema. "Endesha."

Kibondo tulifika adhuhuri. Baba yangu, mzee Salumu, alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anamalizia kanzu za Idi. Alisimama akatupokea, na akamwuliza Lukmani moja kwa moja, kama mzee anayejua mgeni amekuja na nini, "Umemrejea mwenzako?"

Lukmani alinitazama. Angeweza kusema ndiyo. Nilingoja nione, na nitamshukuru mpaka kufa kwa alichosema.

"Nimechelewa, baba. Eda imekwisha. Nimekuja kuposa."

Baba alivua miwani, akaifuta na kipande cha kitambaa cha kanzu. Kisha akanigeukia mimi. Mara ya kwanza, nikiwa msichana, aliniuliza nyuma ya mlango nami nikainamisha kichwa, na shangazi zangu wakasema kimya cha mwali ni ridhaa, wakapiga vigelegele. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa kimya chake si jibu. Lazima aseme kwa kinywa chake.

"Umeposwa," baba akasema. "Unasemaje?"

Lukmani alikuwa ameshika lile tawi, sijui alilitoa dashibodini saa ngapi. Majani yalikuwa yamenyauka na bado mekundu, mekundu sana, na nilishangaa kwamba jana sikuyaona.

"Sitaki," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, jirani akageuka. Lukmani aliitikia kwa kichwa, kama mteja aliyetajiwa bei. Akaenda kwenye gari, akashusha sanduku langu, akaliweka barazani taratibu lisiguse kanzu za watu. Hapo nikampenda, na hapo nikamchukia, vyote kwa pamoja, na vyote viliuma. Nikakaa chini kando ya cherehani ya baba nikalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya funguo.