Lisbon Iliyoko Jinja

Alipiga hodi mara moja, akaingia kabla sijaitikia, akaketi kitandani kando ya begi nililokuwa nikilifunga. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, viatu vyake vya plastiki vimejaa matope, na mkononi alishika mkebe mtupu wa majani ya chai uliosuguliwa mpaka ukang'aa.

"Wewe ndiye mwalimu wa historia anayeenda Jinja?"

Nilimwambia ni mimi.

"Nimesikia unaenda kutazama vitu vya kale," alisema. "Mimi nina kimoja huko."

Aliitwa Zilpa, na alikuwa ametoka Nangina alfajiri hiyo. Habari zangu alizipata sokoni Busia kwa shangazi yangu anayeuza omena, ambaye alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba Vivianne anakwenda ng'ambo. Zamani Mama Zilpa na mumewe, Oduori, walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Jinja. Oduori alikuwa fundi wa mashine za kufumia. Mtoto wao wa kwanza, Mugeni, alifariki akiwa na miezi saba, wakamzika katika makaburi ya wafanyakazi. Baadaye mambo yakaharibika, Wakenya wakakimbia Uganda, nao wakakimbia. Mtoto akabaki.

Sasa Oduori mwenyewe alikuwa amefariki, mwezi wa Juni, na wanawe walipanga kusakafia kaburi lake Jumamosi ya wiki hiyo. Kwao, mtu aliyezikwa ugenini akashindikana kuletwa, huletwa udongo wa kaburi lake ukazikwa nyumbani, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa amerudi. Mama Zilpa alitaka udongo wa Mugeni uwekwe kwa babake kabla saruji haijamwagwa. Wanawe walimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Magoti yake yaliweza kumfikisha Busia, si zaidi.

"Hatukuwa na saruji," aliniambia. "Baba yake aliweka gurudumu la meno, la mashine. Chuma kizito. Utaliona."

Niliupokea mkebe. "Nitakuletea kabla ya Jumamosi, mama."

Wakati huo Quinton alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake ya jua, asubuhi ya mawingu. Aliuliza kama mathe amemaliza, maana basi halingojei matanga.

Huyo ndiye niliyekuwa nikienda naye likizo. Nilimpenda mwaka mzima na miezi minne, na sina wa kumsingizia. Alikuwa wakala wa forodha kule Malaba, mwenye ofisi ya mabati na kompyuta mbili, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitu vya watu vinavuka mpaka vikiwa na karatasi sahihi. Likizo yetu aliiita "summer", kiangazi cha Wazungu. Ilikuwa Agosti, mvua inanyesha kila alasiri, shule zimefungwa, na yeye anawaambia watu kwamba mwaka huu summer atakuwa miji ya kihistoria. Mimi nilikuwa nimeisoma miji hiyo chuo kikuu kwa miaka minne bila kuiona, ingawa ya karibu zaidi iko saa tatu tu kutoka kitandani kwangu. Niliamini kabisa kwamba watu wawili wakitazama jengo la kale pamoja, kitu fulani huongezeka kati yao.

Tulifika Jinja mchana. Kwenye barabara kuu kuna maduka ya zamani ya Wahindi, na juu ya milango yake mwaka umechongwa kwenye plasta: 1919, 1927, 1934. Nilisimama chini ya kila moja. Nilimwambia Quinton habari za reli, za pamba, za familia zilizojenga ghorofa hizo kisha zikapewa siku tisini za kuondoka. Aliniambia nisogee kushoto kidogo. Nilidhani anataka kuona tarehe vizuri. Kumbe alitaka nizibe pikipiki yenye namba za Uganda.

Alipiga picha arobaini za ukuta mmoja. Alizikata juu na chini mpaka zikabaki nguzo, dirisha na uso wake, akazipaka rangi ya machungwa kwenye simu, akaziweka mtandaoni na maneno mawili: Lisbon, baby.

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha.

"Nani ataangalia Jinja?" aliuliza. Hakuwa anatania hata kidogo. Watu wa Malaba huvuka Uganda kununua ndizi, alisema. Mtu hawezi kuita hiyo safari. Nilimuuliza itakuwaje mtu akimwuliza kuhusu Lisbon. Akajibu kwamba hakuna mtu anayeuliza, watu hupenda tu. Nilipomkumbusha makaburi, alisema tutapita tukirudi.

Kampala alikuwa yule yule, isipokuwa mji ulikuwa mkubwa zaidi na hivyo uongo wake ukapata nafasi. Kanisa kuu la matofali juu ya kilima likawa Roma. Kwenye makaburi ya wafalme tuliombwa kuvua viatu. Mimi nilivua, nikafungwa kitenge kiunoni, nikaketi kwenye mkeka miguu upande mmoja kama walivyoketi wanawake wengine, na mzee mmoja akanieleza kwa Kiswahili cha taratibu nani analala wapi na nani hulinda. Quinton hakuingia. Raba zake zilikuwa nyeupe na aliogopa zitaibiwa. Alikaa nje robo tatu ya saa akiwalinda hao wafalme wake wawili wa miguuni, na nilipotoka akaniuliza kama kulikuwa na kitu cha maana.

Siku hiyo nilianza kumdharau. Nilijitahidi kuiita hisia hiyo uchovu.

Alhamisi jioni dereva mmoja wa lori aitwaye Alinga, anayelala Malaba nusu ya maisha yake akingoja karatasi, aliandika chini ya picha ya kwanza: "Boss, hapo ni Jinja. Nyuma ya hiyo nguzo kuna mama wa rolex, chapati za kukunjwa na mayai, mimi hula hapo. Chapati yake ni nzito." Watu wakaanza kucheka. Nami, kwa furaha ambayo sikuweza kuizuia, nilibonyeza alama ya kupenda.

Quinton aliiona, akalala akinigeuzia mgongo. Ijumaa asubuhi, kwenye basi la kurudi, tulipokaribia daraja la Nile, nilimwambia tunashuka Jinja. Akasema tiketi ni za moja kwa moja hadi Busia, marafiki wanamngoja, na yeye hawezi kuchimba makaburi kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Nilisimama, nikachukua begi langu.

"Ukishuka hapa," alisema, "usinipigie simu."

Nilishuka.

Makaburi ya wafanyakazi yalikuwa nyuma ya nyumba zao za zamani, na yalikuwa yamegeuka shamba. Mihogo ilisimama juu ya watu. Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia, na nilipomweleza ninachotafuta aliniita nnyabo, yaani mama, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mahali palipokuwa na majani matupu, upana wa meza. Gurudumu lilikuwepo, nusu limezama, kutu tupu. Alisema wauza vyuma walijaribu kulibeba mara mbili likawashinda. Mbona hapa hakupanda, nilimuuliza. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga katika habari hii.

"Kuna mtu hapo," alisema.

Nilijaza mkebe kwa mikono. Kati ya yote niliyoyaona katika likizo ile ya miji ya kihistoria, ni hapo tu nilipopiga magoti.

Saa tisa alasiri nilifika mpakani. Mtu yeyote wa Busia mwenye akili zake angepita nyuma ya maduka na kutokea kwao, kama tunavyopita sote na mafuta ya kupikia, mayai na wakwe. Lakini Quinton alikuwa amesisitiza tugongewe mihuri, apate kuipiga picha, kwa hiyo pasipoti yangu ilikuwa na muhuri wa kuingia Uganda. Nikaona nirudi kwa njia ya halali. Na nilipoulizwa kama nimebeba kitu cha shambani, mimi, mwalimu, nilijibu: udongo.

Afisa wa mimea alikuwa mama mpole. Alinisikiliza habari za kaburi, akafungua mkebe, akaufunika tena.

"Dada, wa kaburi ama wa bustani, udongo ni udongo. Hapo ndani kuna magonjwa ya mihogo." Bila kibali ungemwagwa. Kibali huombwa na wakala kwa kompyuta, na udongo hupashwa moto kwenye tanuri lao kabla ya kutolewa. Ofisi ingefungwa saa kumi na moja.

Wakala wa kwanza nje ya lango alisema Jumatatu. Wa pili hakuwa amewahi kusikia kibali cha udongo. Wa tatu alicheka, akaniambia mtu pekee anayejua hizo fomu za mimea yuko Malaba, kijana mmoja wa miwani.

Nilimpigia simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilisikia jinsi alivyokuwa akinenepa kwa kila neno. Akasema ni kazi ya dakika ishirini. Hakutaka hela, hakutaka hata pole. Alitaka niandike chini ya ile picha ya kwanza, kwa sababu Alinga anamharibia jina na tayari wateja wawili wamemuuliza habari za chapati.

"Andika tulikuwa Lisbon," alisema. "Wewe ni mwalimu. Watakuamini."

"Mimi nafundisha historia, Quinton."

"Ndiyo maana."

Nilisimama pale nje ya lango na simu mkononi. Nilikuwa nimemdharau kwa siku nne nzima kutoka juu sana, mahali safi, na sasa alikuwa ananiomba nishuke nikae kando yake. Ningeweza kukataa na kumwambia Mama Zilpa kwamba nilijaribu. Watu waaminifu husema hivyo kila siku, na huenda wakalala vizuri. Nilimwona akiwa amekaa kitandani kwangu na viatu vyake vya matope. Nikaandika: "Alinga, umekosea. Hapo ni Lisbon, mimi nilikuwepo." Nikaweka jina langu kamili.

Kabla kibali hakijafika, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alikuwa ameshajibu chini yake: "Mwalimu, na hiyo bendera ya Uganda dirishani?" Wengine kumi na wanne walikuwa wamecheka. Nilijua wangeningoja nayo siku shule zitakapofunguliwa, na muhula wote baada ya hapo, na kwamba nitakaposimama mbele yao kuwaambia ushahidi ni nini, kuna mtu ataita Lisbon kutoka nyuma ya darasa.

Kibali kilifika. Lazima niseme kilijazwa vizuri, bila kosa hata moja. Kwa kazi hiyo tu namheshimu. Afisa aliupasha udongo moto, akanirudishia mkebe ukiwa bado wa moto, umefungwa kwa gazeti. Namba ya Quinton niliifuta nikiwa palepale langoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Nangina. Fundi alikuwa ameshachanganya saruji na kokoto, na wana wawili wa marehemu walisimama na sepetu, wakinitazama kwa kero ya watu wanaocheleweshwa. Mama Zilpa hakuniuliza safari ilikuwaje. Aliuchukua mkebe, akapiga magoti polepole upande wa kichwani, akachimba shimo dogo kwa vidole.

"Ngojeni," aliwaambia wanawe.

Wakangoja. Akamimina wote, akagonga kitako cha mkebe mpaka hakikubaki kitu, akafukia, kisha akanyoosha mkono nimwinue.